Rebmann: Mhubiri wa mwavuli aliyekaa Rabai hadi macho yakazima

ASUBUHI isiyo na mawingu, mkazi wa Njukini hana haja ya kuonyeshwa Kilimanjaro kwa kidole. Mlima umemsimamia mlangoni. Ng'ambo ya mpaka ni Rombo, kusini kuna Ziwa Chala na mji wa Taveta, na juu ya vyote hivyo ni kilele ambacho weupe wake umepungua sana tangu mwanzo wa karne ya 20, ingawa haujatoweka.

Kwa watu wa huku, hadithi kwamba mlima huo uligunduliwa na Mjerumani mmoja mwaka wa 1848 haijawahi kukosa kuchekesha. Wataveta, Wachaga, Wataita na Waswahili wa misafara ya pembe walikuwa wakiujua tangu jadi, nao walikuwa na simulizi zao juu yake. Alichofanya Johannes Rebmann ni kuwaarifu Wazungu wenzake kwamba karibu na ikweta kuna theluji, nao wengi wasimsadiki.

Lakini vitabu vya shule vinapomtaja Rebmann kwa sababu ya mlima pekee, vinamwacha mtu mwenyewe nje. Hakuwa mpelelezi wa nchi wala mpanda milima. Kilimanjaro kwake kilikuwa jambo lililotokea njiani. Alikuwa akiwaendea watu ili awaambie habari za Yesu Kristo, kwa lugha ambazo bado alikuwa akijifunza, mbele ya watawala ambao hawakumwita. Na ukiyafuatilia maisha yake hadi mwisho, utaona kwamba sehemu ngumu ya kazi hiyo haikuwa nyikani penye simba na vifaru. Ilikuwa Rabai, nje kidogo ya Mombasa, mbele ya majirani waliomjua kwa jina, waliomsikiliza kwa adabu na kisha wakaenda zao.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya kusini mwa Ujerumani. Eneo hilo lilikuwa na Wakristo wa uamsho, watu wa sala za nyumbani na Biblia zilizochakaa kwa kusomwa, na vijana wengi wa huko walijitolea kwenda ng'ambo. Alisomea umishenari mjini Basel, Uswisi, kisha akapelekwa katika chuo cha CMS huko Islington, London, na kupata daraja la ukasisi.

Hapa msomaji anaweza kushangaa, kwa kuwa CMS ilikuwa chama cha Kanisa la Uingereza. Ukweli ni kwamba katika miaka hiyo Waingereza walikuwa na fedha nyingi kuliko watu wa kutumwa, na Wajerumani walikuwa na watu wengi kuliko fedha. Ndiyo sababu wamishenari wa kwanza wa Waingereza katika pwani yetu walikuwa Wajerumani.

Alitia mguu Mombasa mnamo Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 26. Aliyempokea ni Mwürttemberg mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ametangulia kwa miaka miwili. Krapf alikuwa tayari amemzika mkewe, Rosine, pamoja na binti yao mchanga, waliofariki mwezi wa Julai 1844. Kijana aliyetoka Ulaya akiwa na matumaini yake yote alianza kazi nyumbani kwa mjane aliyeachwa na makaburi mawili.

Tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao walihamia Rabai, wote wakiwa na homa, wakipokezana punda mmoja kwa sababu hakuna aliyeweza kutembea mwendo wote. Wazee wa Rabai walikuwa wamekubali wajenge kwao. Krapf alikuwa amewaeleza kwamba hakuja kununua pembe wala watumwa, wala hakutumwa na mfalme yeyote kuchukua ardhi, bali alileta kitabu. Kwa wazee wa kaya, mgeni asiyetaka kununua kitu wala kuuza kitu alikuwa jambo la kutafakari. Hata hivyo wakampa mahali.

Ibada ya kwanza ilihudhuriwa na watu wachache. Ilipofika siku nyingine ya ibada, mmoja wa wenyeji akaeleza bila kuficha kwamba wangependa kuja, ila wangekuja kwa moyo zaidi kama wangepewa mchele. Wamishenari waliliandika jambo hilo kwa uchungu, wakaliona kuwa ulafi. Mimi nalisoma vingine. Katika kijiji chochote cha Mijikenda, na kwa kweli katika kijiji chochote cha nchi hii, mwenye kuita watu ndiye anayewalisha. Mzee yule hakuwa akiuza nafsi yake kwa kibaba cha mchele. Alikuwa akiwafundisha wageni adabu ya kuita baraza. Lakini tukio hilo lilimfungulia Rebmann macho kuhusu jambo ambalo lingemsumbua maisha yake yote: kwamba mtu anaweza kukubali maneno yako yote kwa heshima, asiyapinge hata moja, na asiguswe na lolote.

Krapf alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Alitaka vituo vya umishenari vifuatane kama shanga kutoka Mombasa hadi bahari ya magharibi. Rebmann alikuwa na tabia ya mkulima. Lakini mwanzoni ndiye aliyetumwa kwenda bara, na safari yake ya kwanza ilimleta nchi ya Wataita.

Mnamo Oktoba 1847 alifika Kadiaro, mlima ambao leo tunauita Kasigau, kusini mwa Voi. Wataita wa huko walikuwa wamezoea kuona wageni wa pwani wakija na nguo na ushanga kununua pembe. Huyu alikuja, akaketi na wazee, akaeleza habari za Mungu na za Mwanawe, akaomba ruhusa ili siku moja waalimu waje wakae. Hawakumfukuza. Hawakumwahidi neno zito pia. Kwa kadiri kumbukumbu za maandishi zinavyotufikisha, hapo ndipo Injili ilipotamkwa kwa mara ya kwanza katika Taita, na msikilizaji wa kawaida aliyekuwapo siku hiyo huenda aliisahau kabla ya mavuno.

Miezi michache baadaye, tarehe 27 Aprili 1848, Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchagani. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili Mwislamu mzoefu wa njia za bara, na wapagazi wasiofika kumi. Wapagazi walichukua silaha zao. Yeye hakuchukua bunduki wala upanga, alichukua mwavuli. Jambo hilo lilikuja kuwa maarufu, na hadi leo wanaomkumbuka humtaja kwa mwavuli wake. Sidhani aliona kuwa ni ushujaa. Aliamini tu kwamba mtu anayekwenda kusema habari za amani akiwa na bunduki begani anajipinga mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Walipita Bura, wakashika nyika inayoelekea Taveta, kusini ya Njukini. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima kitu cheupe alichodhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akajibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaelewa mara moja kwamba ile ni theluji. Siku hiyo aliketi chini ya mti na kusoma Zaburi ya 111, ambayo ndiyo iliyokuwa zamu yake katika usomaji wa kila siku. Kisha wakaendelea na safari, wakavuka mto Lumi.

Habari za theluji zilichapishwa London mwaka uliofuata na kuzua mabishano. William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga bara hilo upande huu, alimdhihaki Rebmann hadharani kwa miaka mingi. Ilibidi Baron von der Decken apande mlima mwaka wa 1862 na kunyeshewa na theluji yenyewe ndipo wengi wakanyamaza. Rebmann hakujisumbua sana kujitetea. Kwa mtu ambaye alishambuliwa kuwa mwongo au mgonjwa wa macho, alikuwa na subira ya ajabu.

Kilema ndiko alikofika katika safari hiyo. Mtawala wake, Masaki, alimpokea vizuri. Alivishwa kidoleni kipande cha ngozi ya mbuzi, alama ya urafiki miongoni mwa Wachaga, na akapewa nafasi ya kueleza shauri lake. Alieleza kwamba alichokileta ni Neno la Mungu, na kwamba wenzake wangependa kuja kulifundisha. Bwana Kheri ndiye aliyekuwa akimsaidia kueleweka. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi: Mkristo asiyejua Kichaga akitegemea ulimi na uaminifu wa Mwislamu ili ujumbe wake ufike. Wawili hao walizungumza juu ya imani zao njiani, kila mmoja akashika yake, na Bwana Kheri akamrudisha pwani salama.

Mwezi wa Novemba 1848 alirudi tena Uchagani, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, mtawala mwenye nguvu kuliko Masaki. Hapo pia alikaribishwa kwa moyo, akapewa ahadi nzuri, akarudi Rabai mwanzoni mwa 1849 akiwa na hakika kwamba mlango umefunguka. Kwa kuamini hivyo, Aprili 1849 aliondoka kwa safari ya tatu, mara hii akiwa na wapagazi wengi zaidi na mizigo ya nguo na ushanga, kwa kuwa alikusudia kupita Machame na kuendelea hadi Unyamwezi.

Hakupita. Mamkinga aliziona zile bidhaa na moyo wake ukabadilika. Leo ilitakiwa zawadi ya mangi, kesho ya ndugu zake, keshokutwa ya wapiganaji wake, hadi mzigo uliokusudiwa kumfikisha Unyamwezi ukaisha pale pale Machame. Hata walipomruhusu kuondoka, wale waliomtemea mate kama baraka ya safari, kwa desturi ya huko, walidai malipo kwa baraka hiyo. Rebmann aliketi akalia.

Machozi hayo yalimfikia mangi, naye akadhani mgeni analilia mali yake, akasema angelipwa kwa pembe. Rebmann akaeleza kwamba hakulia kwa sababu ya nguo. Alilia kwa sababu nguo zile zilitolewa na Wakristo wa kwao, wengi wao watu wa kawaida, ili watu wa bara wasikie Injili, na sasa safari imekwisha kabla ya kuanza. Alirudi Rabai mwezi wa Juni akiwa anaumwa homa na tumbo la kuhara damu, akitembea kwa shida.

Wapo waandishi wanaomlaumu Mamkinga kwa ulafi. Lakini mangi alikuwa na hoja: mtu aliyekuja mara ya kwanza na mwavuli na kitabu alieleweka, mtu yule yule alipokuja na robota za merikani alifanana na wafanyabiashara wote aliowahi kuwaona, na wafanyabiashara hutozwa. Katika safari mbili za mwanzo Rebmann hakuwa na kitu cha kupoteza ila uhai wake, na akasikilizwa. Ya tatu alikuwa na mali, na sauti yake ikazama ndani yake.

Hakurudi tena Uchagani. Misheni ya kwanza ya CMS mlimani ilianzishwa Moshi mwaka wa 1885, ikalazimika kuondoka mwaka wa 1892 na kuhamia upande wa Taveta, mahali panapoitwa Mahoo, chini ya A. R. Steggall. Machame ilipata wamishenari wa Leipzig mwaka wa 1893. Taita ilipata mmishenari wa kukaa mwaka wa 1883, J. A. Wray alipojenga Sagalla, juu ya Voi. Kati ya baraza la Kadiaro na nyumba ya Sagalla ilipita miaka 36. Yule aliyesema la kwanza alikuwa ameshazikwa.

Baada ya safari hizo tatu, Rebmann aligeuka kuwa mtu wa kukaa. Mwaka wa 1851 alioa, huko Misri, mjane Mwingereza aliyeitwa Emma Tyler, akaja naye Rabai. Mtoto wao wa kiume alifariki akiwa na umri wa siku chache. Krapf, afya ikimshinda, aliondoka mwaka wa 1853. Jakob Erhardt, mwenzao mwingine, akaondoka mwaka wa 1855. Mwingine, Johannes Wagner, alikuwa amefariki mwaka wa 1849 muda mfupi baada ya kufika. Akabaki Rebmann na Emma.

Erhardt na Rebmann walikuwa wamechora ramani ya bara kutokana na maelezo ya wasafiri wa Kiswahili na Kiarabu, ikionyesha ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono. Ramani hiyo haikuwa sahihi, lakini ndiyo iliyowasha hamu ya safari ya Richard Burton na John Speke, na Speke akafika Ziwa Viktoria mwaka wa 1858. Burton alimtembelea Rebmann mwanzoni mwa 1857, lakini hawakusafiri pamoja. Burton hakuwa mtu wa kupenda msafara wake ugeuke mahubiri ya barabarani, na Rebmann hakuwa mtu wa kupita katika nchi ya watu bila kuhubiri.

Mwaka huo huo wa 1857 uvamizi wa Wamasai ulifika hadi jirani na Rabai, na Rebmann na mkewe wakalazimika kukimbilia Zanzibar kwa muda. Waliporudi, walianza upya.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana hesabu ndiyo iliyokuja kumhukumu. Mtu wa kwanza wa Rabai kuupokea Ukristo alikuwa Mringe, mlemavu maskini, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Hakuwa mzee wa kaya, hakuwa na mali, na hakuishi hadi kuwavuta wengine. Baada yake ilipita miaka kabla ya Mgiriama mmoja, Abe Gunja, na mwanawe Nyondo kubatizwa. Baba akaitwa Abraham, mwana akaitwa Isaac. (Abe, kwa wasiojua lugha za Mijikenda, ni baba wa fulani.)

Ujasiri wa watu hawa huzungumzwa kidogo kuliko wa Rebmann, na hilo si haki. Rebmann akikataliwa alikuwa bado na chama chake London, kijiji chake Gerlingen na jina lake magazetini. Abe Gunja alipoacha sadaka za koma na wajibu wa kaya, aliweka rehani kila kitu kinachomfanya Mgiriama awe mtu kati ya watu: nani atamzika, nani atakula naye, nani atasimama naye siku ya msiba. Kusema imani mpya mbele ya ndugu wa damu, ambao kesho utawahitaji, ni jambo zito kuliko kuisema mbele ya mangi ambaye utamwacha baada ya wiki mbili.

Rebmann alilijua hilo, na pengine ndiyo sababu alikuwa mzito sana wa kubatiza. Aliogopa Wakristo wa mchele. Aliwaweka watu darasani miaka, akiwapima, akiwarudisha nyuma. Wapo wanaosema alizidisha, nami nakubaliana nao kwa kiasi. Mlango aliouchunga kwa uangalifu mwingi hivyo ulikuwa mwembamba hata kwa waliokuwa wakibisha hodi kwa dhati. Tena alizitazama mila za wenyeji kwa jicho kali, na mara nyingi hakuona jema ambalo mgeni mwenye upole zaidi angeliona.

Emma alifariki mwaka wa 1866. Baada ya hapo Rebmann alijifungia zaidi na zaidi katika kazi ya lugha. Alikuwa ameanza kamusi ya lugha ya Nyasa tangu miaka ya 1850, kwa msaada wa mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyeletwa pwani kutoka nchi ya ziwa hilo. Alikusanya maneno ya Kirabai. Alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Majirani zake Wamethodisti wa Ribe, waliofika mwaka wa 1862, walikuwa na bidii ya kutembea na kujenga. Yeye alikaa Kisuludini, kituo chake pale Rabai, na karatasi zake, macho yakififia mwaka hadi mwaka.

Je, kamusi zilikuwa kazi au maficho? Swali hili wamishenari wenzake waliliuliza, na halina jibu la upande mmoja. Mtu aliyekatishwa tamaa na watu anaweza kujificha ndani ya maneno kwa sababu maneno hayamgeuzii kisogo. Lakini fikiria pia alichokuwa akifanya na Salimini. Watu wa Nyasa walikuwa mbali, hakutarajia kuwaona, na aliyekuwa akimfundisha lugha yao alikuwa binadamu aliyeuzwa. Rebmann alikuwa akiandaa kinywa kwa ajili ya mhubiri ambaye hajazaliwa. Kamusi hiyo ilitolewa na Krapf mwaka wa 1877, wakati Waskoti walikuwa wameshaanza misheni ya Livingstonia kwenye ziwa hilo hilo.

Mwaka wa 1864 alipata wasaidizi ambao CMS haikuwa imewafikiria Krapf alipokuwa akichora ndoto zake. William Jones na Ishmael Semler walikuwa Waafrika waliokombolewa kutoka utumwani wakiwa watoto na kulelewa Nashik, India. Walijua Kiingereza, walijua ufundi, na walijua utumwa kwa ngozi zao. Jones alikuja kuwa kasisi, na ndiye aliyeurudisha pwani msafara uliobaki baada ya Askofu James Hannington kuuawa Busoga mwaka wa 1885. Kazi ya Kanisa katika pwani iliinuliwa sana na watu wa aina hiyo, na jina la Rebmann limewafunika kuliko inavyostahili.

Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere, aliyekuwa amekuja Zanzibar kwa shughuli ya mkataba wa kufunga soko la watumwa, alizuru pia misheni za pwani. Alichokikuta Rabai hakikumfurahisha. Baada ya zaidi ya robo karne, Wakristo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na mkuu wa misheni alikuwa karibu kipofu, akipapasa karatasi zake. Ripoti za aina hiyo zilifika London. CMS ikaamua kubadili mkondo, ikamtuma William Salter Price, na mwaka wa 1875 kijiji cha watumwa walioachiliwa kikaanzishwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa na kupewa jina la Frere. Ndiyo Frere Town, au Freretown, ya leo.

Price alimkuta Rebmann akiwa amepofuka, na hakuwa na hamu ya kuondoka. Kwa mtu wa nje ilionekana ni ukaidi wa mzee. Mimi naona alikuwa amefika mahali ambapo kazi yake haikuwa tena kufanikiwa. Alikuwa amesema alichotumwa kusema, kwa watu wale wale, siku baada ya siku, na hakuwa amekibadilisha ili kiuzike. Asiyepata wasikilizaji hushawishika ama kunyamaza ama kuanza kusema jambo jingine linalopendeza zaidi. Rebmann alikaribia kunyamaza katika miaka yake ya mwisho, hilo siwezi kulificha, lakini hakuwahi kusema jambo jingine.

Mwaka wa 1875, baada ya takribani miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani, alikubali kuondoka. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, yule mwana wa Abe Gunja. Mgiriama huyo alikuwa macho ya mzee melini na nchi kavu, hadi wakafika Württemberg, ambako Rebmann hakuweza kuziona nyuso za ndugu zake wala mizabibu ya utotoni.

Upasuaji wa macho ulijaribiwa, haukufaulu. Krapf, aliyekuwa akiishi Korntal karibu na Stuttgart, alimpokea huko. Wazee wawili waliopokezana punda kwenye njia ya Rabai wakawa majirani tena. Rebmann alioa mara ya pili, mjane wa mmishenari, apate mtu wa kumtunza. Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1876. Mwaka huo huo, tarehe 4 Oktoba, alifariki akiwa na umri wa miaka 56 na kuzikwa Korntal. Krapf alimfuata Novemba 1881, na amezikwa huko pia.

Isaac Nyondo hakubaki Ulaya. Alirejea Rabai, kwa ndugu na majirani wale wale waliokuwa wamemwona akibatizwa, akaendelea na kazi ya Kanisa miongoni mwao.